Msimamizi wa Kina Kirefu

Mkitaka kujua nchi hii iko wapi, msihangaike na ramani. Nchi yenyewe huenda isiwepo; serikali yake ipo. Ina mawaziri, ina manaibu, ina wimbo wa taifa wenye beti tisa, na ina Wizara ya Mapumziko, ambayo ndiyo iliyoniingiza mimi, Shaibu mshona magodoro, katika mkasa huu. Nausimulia bila chuki na mtu. Serikali yetu naipenda, na imani yangu ni kwamba nayo imeanza kunipenda.

Wizara hiyo iliundwa siku Mtukufu Rais alipopita mjini akaona watu wanapiga miayo kando ya barabara. Washauri wakamwambia kuwa wananchi wamechoka. Rais mwingine angeuliza wamechoka na nini. Wetu aliagiza wapumzishwe. Ikajengwa Hoteli ya Mapumziko ya Taifa huko Kilima cha Nyuki, mwendo wa saa mbili kwa gari, na kila Ijumaa basi la serikali likawa linapita mitaani kuchukua watu wa kwenda kupumzika mpaka Jumapili. Redio ilitangaza bwawa la kuogelea, uwanja wa tenisi, chumba cha masaji, na mafunzo ya ufundi wa mikono: ususi wa mikeka na ufinyanzi wa vyungu. Chakula ni juu ya taifa.

Shemeji yangu Hemedi, mume wa dada yangu Riziki, alipanda basi hilo kabla ya mvua za mwaka juzi. Alibeba kaptula mpya na taulo. Alisema atarudi Jumapili, hakusema ipi.

Dada alilia, kisha akakasirika, kisha akazoea. Mtaani kwetu kila nyumba ilikuwa na mtu wake aliyepanda basi. Lakini mwaka huu binti yao, Salme, akaposwa na Nurdini, fundi wa majokofu, kijana mwenye adabu na mwenye meno yote. Watu wakakubaliana, siku ikapangwa: Jumapili, baada ya sala ya alasiri. Ndipo likaja suala la nani atamwoza.

Mimi nilishavaa kanzu. Kadhi wetu, Sheikh Mbaruku, akanitazama juu mpaka chini.

"Wewe ni mjomba," akasema. "Mjomba anakula pilau, haozi. Baba wa binti yuko hai, ana akili zake, na yuko mwendo wa saa mbili. Aje, au amweke mtu awe wakili wake kwa kauli yake mwenyewe mbele ya mashahidi. Angekuwa amekataa bila sababu, dini ingeniruhusu nimwoze mimi. Lakini Hemedi hajakataa. Hemedi anapumzika."

Riziki akanishika mkono. "Shaibu, kaniletee huyo mwanamume. Akishindwa kuja, niletee neno lake. Mwanangu hatavunjiwa ndoa kwa sababu ya hoteli."

Nikamwahidi. Ijumaa nikapanda basi.

*

Hoteli ile haina geti. Nalisema hili mapema msije mkadhani kuna mtu kafungwa. Barabara inaingia, barabara inatoka, na ng'ambo yake kuna duka la mkaa lenye baraza pana. Mtu yeyote anaweza kuondoka saa yoyote anayotaka. Juu ya mlango pameandikwa kwa rangi ya dhahabu: MGENI NJOO, MWENYEJI APONE.

Tulipokewa vizuri mno. Kulikuwa na ofisa wa kupokea mizigo, ofisa wa kupokea wenye mizigo, na ofisa mwandamizi aliyewatambulisha wenye mizigo kwa mizigo yao. Baada ya hapo akaja Waziri wa Mapumziko, Mheshimiwa Profesa Lwimbo, kutufungulia wikendi. Alianza kuhutubia wali ukiwa unatoa moshi.

"Ndugu wageni!" alisema. "Nchi iliyochoka haiwezi kuendelea. Na nchi isiyoendelea, itachokaje? Hilo ni swali ambalo wapinzani wetu hawajalijibu mpaka leo!"

Tukapiga makofi.

"Jana tulipumzika. Leo tunapumzika. Na mkituongeza muhula mmoja tu, tutapumzika kwa kasi ambayo dunia haijapata kuiona! Wahenga walisema, mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Serikali zilizopita zililiacha neno hili likae midomoni mwa vikongwe. Sisi tumelifanya sera!"

Hapo sikuelewa, lakini makofi nilipiga kwa nguvu kuliko mara ya kwanza. Wali tuliula baridi.

*

Jumamosi asubuhi nilikwenda moja kwa moja kumtafuta shemeji. Nikaelekezwa kwenye bwawa.

Bwawa ni zuri, Mungu ananiona. Lina vigae vya buluu, lina ngazi za kung'aa, lina kibao cha kurukia. Maji bado yako kwenye mchakato. Wageni walikuwa chini kabisa, wamevaa kaptula, wanatembea polepole huku wakirusha mikono, na mama mmoja mnene alikuwa amelala chali kwenye vigae akisema amejua kuelea. Juu ya kiti kirefu, na filimbi mdomoni na kofia nyeupe kichwani, alikaa Hemedi.

Akapuliza filimbi. "Wewe mwenye kaptula nyekundu! Hapo ulipofika ni kina kirefu! Unajua kuogelea?"

"Sijui, mzee."

"Basi toka, utatuletea msiba!"

Yule bwana akapanda ngazi mbio, akaomba radhi, akajifuta kwa taulo.

Nikamsogelea shemeji. Alikuwa amenawiri, kitambi kimeanza, na kifuani amening'iniza kitambulisho: HEMEDI KOMBO, MSIMAMIZI WA KINA KIREFU. Upande wa pili wa bwawa kulikuwa na kiti kama chake, na juu yake Msimamizi wa Kina Kifupi. Wawili hao hawasalimiani. Waligombania mpaka, kigae kimoja tu, na tume iliyoundwa kuuchunguza mgogoro huo iko bado hotelini inakula.

"Shemeji Shaibu!" Alishuka, akanikumbatia kwa furaha ya kweli. "Nyumbani hawajambo? Salme hajambo?"

"Hajambo. Anaolewa kesho alasiri."

Filimbi ikamponyoka mkononi. Macho yakamlowa. "Salme? Si nimemwacha anashonewa sare za shule?"

"Huyo huyo. Umri wake haukupanda basi. Kadhi anakusubiri wewe. Haya, vua kofia twende, barabara ile pale."

"Naiona," akasema. "Kila siku naiona."

"Sasa?"

"Nani ataangalia kina kirefu?"

"Hemedi, hili bwawa halina maji."

"Ndiyo maana!" Akaniangalia kwa huruma, kama mtu anayemfahamisha mshamba. "Lingekuwa na maji, kila mtu angeiona hatari kwa macho yake. Hatari isiyoonekana ndiyo inayotaka msimamizi."

Nikaliacha suala la bwawa.

"Basi nipe neno," nikamwambia. "Sema tu: Shaibu, nakuweka uwe wakili wangu, umwoze binti yangu. Mashahidi ndio hawa, wanaogelea."

Akafungua mdomo. Niliona neno limefika kwenye ulimi. Kisha mkono wake ukashika kile kitambulisho, mdomo ukafunga.

"Siwezi, shemeji. Mimi sasa ni mtumishi. Mtumishi hakaimishi madaraka yake bila kibali cha Mkurugenzi Mkuu."

"Hata madaraka ya ubaba?"

"Waraka haukubagua."

*

Tulikwenda wote wawili kuomba hicho kibali, baada ya yeye kukifunga kina kirefu kwa kamba. Mkurugenzi Mkuu alikuwa anapumzika nchi za nje, maana hoteli yake anaijua. Kaimu wake, Bwana Ngoswe, alikuwa uwanjani anacheza tenisi na Waziri. Mpira haukuwepo, ulikuwa umefungiwa kabatini na mwenye ufunguo alikuwa likizo. Lakini raketi zilikuwepo, na pointi zilihesabiwa kwa vyeo. Waziri alikuwa anaongoza.

"Mchezo ukiisha nitawasikiliza," alisema Kaimu, jasho linamtoka. Mchezo wa namna ile hauishi mpaka Waziri achoke kushinda, nasi tuliambiwa Waziri ana pumzi sana.

Nikiwa nasubiri nikapelekwa kupumzika kwa ratiba. Kwanza masaji. Kwa ajili ya kupanua ajira, mwili wa mgeni umegawanywa: kuna mkandaji wa kushoto na mkandaji wa kulia. Wa kulia alikuwa semina. Nikatoka nimelegea ubavu mmoja, nakwenda upande kama mkokoteni wenye pancha.

Halafu nikaingia ususi. Tulikuwa watu kumi na tatu na rundo zuri la ukindu katikati. Mwezeshaji akatuambia kazi yoyote ya maana huanza na uongozi. Tukachagua mwenyekiti, makamu, katibu, katibu mwenezi, mweka hazina, wajumbe, na mtunza ukindu. Akabaki mtu mmoja tu wa kusuka, kijana mpole, na tukaona ni aibu kumwacha hivi hivi, tukamfanya mlezi. Muda wa mafunzo ukawa umekwisha. Mkeka mzuri uliokwisha kusukwa ukaletwa kutoka stoo, tukamkabidhi Waziri kama kazi ya mikono yetu, tukapigwa picha. Nilielezwa kwamba ni mkeka huo huo unaokabidhiwa kila Jumamosi tangu hoteli ifunguliwe. Pembe moja imeshachakaa kwa kukabidhiwa.

Ufinyanzi tulijifunza kwa nadharia. Udongo umeagizwa kutoka ng'ambo na meli imechelewa. Tulikaa chini kwenye udongo, tukasikiliza mpaka jua likapungua makali.

Waziri hakuchoka. Jumamosi ikaisha bila kibali. Kila nilipokutana na Hemedi aliniuliza jambo jingine kuhusu Salme: amekuwa mrefu, bado anaogopa paka, huyo Nurdini ana heshima? Nikamjibu yote. Alikuwa baba, hilo sikulitilia shaka hata kidogo.

*

Jumapili asubuhi tukapangwa mstari mbele ya hoteli. Ilikuwa siku yetu ya tatu.

Kumbe sera ndiyo hiyo. Kila mgeni alipewa jembe dogo lililofungwa utepe, na pamoja na jembe, kitambulisho chenye cheo. Kuanzia hapo si mgeni tena, ni mwenyeji, na wenyeji wana kazi, kwa kuwa Ijumaa wanakuja wengine. Mshahara uko kwenye mchakato pamoja na maji. Hakuna aliyelazimishwa. Yule bwana wa kaptula nyekundu alisomewa kuwa ni Msaidizi wa Msimamizi wa Taulo, akabubujikwa na machozi, akampigia simu mkewe hapo hapo kumfahamisha namna ya kumwita kuanzia leo. Mama aliyejua kuelea akawa Ofisa wa Kuelea. Basi likawashwa kurudi mjini, likaondoka na dereva wake tu.

Mimi nilikuwa wa mwisho. Ofisa akapekua sanduku la vitambulisho, akakuna kichwa.

"Mzee, nafasi za chini zote zimejaa," akasema. "Zimebaki za juu. Huko watu hawakai, wanasafiri sana."

Akanivisha: SHAIBU MAKUNGU, MSAIDIZI WA KAIMU MKURUGENZI MKUU.

"Lakini mimi nashona magodoro," nikasema. "Sijawahi kuwa hata mweka hazina wa msiba."

"Magodoro? Basi una uzoefu wa sekta ya mapumziko."

Nilikipokea cheo kwa ajili ya Salme, mtu asinielewe vibaya. Niliwaza kuwa nikiwa ndani ya ofisi nitamsukuma Bwana Ngoswe atoe kibali, na adhuhuri mimi na Hemedi tutakuwa njiani. Nikaingia ofisini. Bwana Ngoswe alikuwa amesimama na begi mkononi.

"Afadhali umefika," akasema. "Nakwenda uwanja wa ndege kumpokea Mkurugenzi Mkuu."

"Anarudi leo?"

"Hapana. Lakini lazima apokewe. Kaa hapo."

Akaondoka. Nikakaa.

Kile kiti kinazunguka. Katibu muhtasi, Bi Tausi, aliingia akapiga goti kidogo, akaniuliza, "Bosi, chai ya maziwa au ya rangi?" Nikasema ya maziwa, na ikaja. Nje ya mlango kulikuwa na benchi refu lililojaa watu wenye maombi yao, na Hemedi wa mwisho, kofia yake nyeupe ameipakata magotini. Nilipotoka kwenda msalani walisimama wote. Niliporudi wakasimama tena. Nikatoka tena, ingawa sikuwa na haja.

*

Ilipopita adhuhuri dada yangu alichoka kusubiri. Alikodi basi dogo, akapakia biharusi, bwana harusi, kadhi, wazee wa pande zote mbili na masufuria ya pilau, akaja mwenyewe Kilima cha Nyuki. Hesabu yake ilikuwa nyepesi: kama Hemedi hawezi kwenda harusini, harusi imfuate. Wakaegesha kwenye duka la mkaa. Riziki, Salme na Sheikh Mbaruku wakavuka barabara, wakapanda ngazi mpaka mlangoni kwangu.

Pale kwenye benchi Salme alimwona babake. Akainama kumbusu mkono, Hemedi akalia kwa sauti, akamshika mtoto kichwa, akamtazama, akalia tena. Watu wote wa kwenye benchi walilia pamoja naye. Kisha Bi Tausi akasema zamu ya Kina Kirefu imefika, wakaingia wote.

"Mjomba!" Salme alicheka kwa furaha. Mikono yake ilikuwa na hina mpaka viwikoni, ameiinua isiguse kitu. "Alhamdulillahi, kumbe ni wewe uliye ofisini! Tia saini, baba atamke, tumalize. Watu wako pale ng'ambo wanatusubiri."

Nikachukua kalamu. Wallahi nilichukua kalamu, nikaiweka juu ya karatasi, na dada yangu akatabasamu. Ndipo nikanyanyua macho nikawaona wote wanne, wamesimama, wananitazama mkono. Nikaona na mlango, na nyuma ya mlango benchi. Nikitia saini, Hemedi atatamka, watacheka, watakumbatiana, watashuka ngazi. Nami nitabaki na nini? Katika maisha yangu yote mimi ndiye niliyesubiri: hospitali, ardhi, posta, mpaka wateja. Sijawahi kusubiriwa. Moyo uliniuma, sikatai. Mtoto huyu nimembeba mabegani. Lakini cheo ni dhamana.

Nikaweka kalamu chini.

"Ombi nimelipokea," nikasema, na sauti ikatoka nene kuliko niliyozaliwa nayo. "Linafanyiwa kazi. Njooni kesho."

Nje mtu wa taulo alikohoa.

"Mjomba," Salme akasema polepole, "harusi ni leo."

"Ndiyo maana nikasema kesho, mwanangu. Leo mna shughuli."

Riziki akanisogelea mpaka mezani. "Shaibu. Mimi na wewe tumenyonya ziwa moja."

"Hilo nalo liingizwe kwenye faili," nikamwambia Bi Tausi.

Sheikh Mbaruku hakukasirika. Alimgeukia shemeji yangu. "Hemedi, umesikia?"

"Nimesikia, sheikh. Nitakuja kesho."

"Binti yako anaolewa leo. Unamwoza, humwozi?"

Hemedi akanitazama mimi. Akatazama dirishani, kule kwenye kina kirefu, ambako kamba ilikuwa imelegea na mtu mmoja tayari amevuka. Akashika kitambulisho.

"Nasubiri kibali," akasema.

Kadhi akavuta pumzi. "Nimezeekea katika nchi hii. Nimeambiwa njoo kesho kwenye bomba la maji, nimeambiwa njoo kesho kwenye kiwanja changu. Anayesema njoo kesho amekataa. Na baba anayekubali kuja kesho naye amekataa. Sababu sijaiona. Twende, binti yangu. Nitakuoza mimi."

Salme hakutoka mara moja. Alisimama mbele ya babake, mikono bado ameinua, akamsubiri. Hemedi alifungua mdomo. Tulingoja, hata mimi niliyekuwa nyuma ya meza, na kwa wakati huo mdogo nilimwomba Mungu shemeji atamke tu, liwalo na liwe. Mdomo ukafunga. Salme akamfuata mamake kwenye ngazi.

Hemedi akarudi kwenye benchi, mwisho wa foleni, maana zamu yake ilikuwa imepita.

Nilikuwa nakunywa chai ya tatu vigelegele vilipoanza ng'ambo ya barabara. Vilikuwa vingi, na katikati yake nilisikia sauti ya dada yangu, kali kuliko zote. Kisha wakaanza kuimba na kumtaja biharusi kwa jina.

Mlango ukagongwa. Hemedi akaingia, kofia mkononi, akasimama mbali na meza kama inavyotakiwa.

"Bosi," akasema, "hivyo vigelegele ni vya nini?"

Nikapekua mafaili yote yaliyokuwa mezani. Hakuna lililotaja jambo hilo.

"Bado sijapata taarifa rasmi," nikamjibu.

Akashukuru, akafunga mlango taratibu, akarudi kukaa kwenye benchi.